Siku Niliyokwama Juu ya Vichwa vya Wazee

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo. Sitawachosha. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo maneno makubwa sina, na haya madogo niliyo nayo sipendi kuyarudia.

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kimulot alikuwa anatengeneza vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Nyinyi mnainunua imetiwa kwenye chupa ya plastiki pale Mogogosiek, hamjui ilipita wapi. Unachukua kijiti cha mti wa senetwet, unakichoma mpaka kiwe kaa jekundu, unakiingiza ndani ya kibuyu kilichooshwa na kukauka, unasugua mpaka kibuyu kiwe cheusi ndani, ndipo unamwaga maziwa. Moshi wake si kama moshi mwingine. Unaanza mtamu, mwisho wake uchungu kidogo, kama dawa ya kikohozi. Huo moshi ulipita juu ya majani chai ukanikuta nimekaa nje namenya viazi, na kisu kikasimama mkononi. Mimi nina miaka sabini na kitu. Hapo kwa kigoda nikawa na kumi na mmoja tena, niko darini, siwezi kushuka.

Lakini kwanza mjue nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa naogopa watu. Sisemi watu wabaya, hao kila mtu anawaogopa. Nilikuwa naogopa watu hivi hivi tu, wenye kucheka, wenye kukuuliza umekula nini. Siku zile mtoto alisalimia wazee kwa kuinamisha kichwa, na kila mzee anakuwekea kiganja utosini, mmoja baada ya mwingine, mpaka umalize wote waliokaa. Wenzangu walipita upesi kama mbuzi mlangoni. Mimi nikisikia tu mgeni akikohoa kule kwa ua, mikono inalowa, ulimi unajaa mdomo wote. Nilifikiri kile kiganja kikinigusa kitajua vile kichwa changu kinatetemeka. Basi nikawa fundi wa kupotea. Nyuma ya ghala ya wimbi, katikati ya ndama, chini ya michai ya baba, kote huko nilikuwa na mahali pangu.

Kaka yangu Kiprono alikuwa mwoga kama mimi, pengine kunishinda. Jasho lilikuwa linamtoka puani akiona kofia ya mgeni. Lakini yeye baba alimvuta kwa sikio kutoka nyuma ya mlango, akamsimamisha katikati ya wazee. "Wewe ni msichana? Sema jina lako! Sema la baba yako! Sema tena, huyu mzee hajasikia." Siku ya kwanza Kiprono alilia. Siku ya pili akasema kwa kigugumizi, wazee wakampigia makofi. Mwaka haukuisha kabla hajaanza kuwaambia wageni mambo ambayo hawakumuuliza, mpaka ikabidi baba amwambie anyamaze.

Mimi hakuna aliyenivuta sikio. Mimi nilisifiwa. "Huyu mtoto wenu ana adabu sana," wageni walikuwa wanasema, "hata haonekani." Na mama alikuwa anashusha macho kwa furaha, kama mtu aliyeletewa sukari. Siwadanganyi, na mimi niliipenda ile sifa. Sikuwa mzuri wa sura, wala sikuwa na mbio, wala sauti ya kuimba kanisani. Nilikuwa na hiyo adabu peke yake. Kwa hivyo kila nikisifiwa kwa kujificha, nilijificha zaidi.

Sasa, baba alikuwa na dada yake, Senge Rebeka. Senge ndiyo kusema shangazi, dada ya baba, na kwetu neno la senge huwezi kuliruka kama kamba. Alikuwa mpishi kwenye shule moja ya bweni ya wasichana, mbali upande wa chini, ambako hakuna baridi. Alivaa viatu hata akiwa ndani ya nyumba. Alipoongea na wanaume aliwaangalia machoni, na chai alikunywa pamoja nao, hakungoja wamalize. Wanawake wa hapa walimsema nyuma yake halafu wakashona nguo kama zake.

Yeye ndiye alileta habari kwamba mwalimu mkuu wa shule ile amempa nafasi ya msichana mmoja kutoka kwa jamaa zake. Mmoja tu. Baba alisema ataona. Mama yeye alianza kunifundisha kukunja blanketi vizuri.

Niliitaka hiyo nafasi mpaka nikaumwa. Hapo nyumbani nilikuwa nimeambiwa darasa la tatu linanitosha, kwa sababu kuna ndama na kuna mtoto mchanga wa kubeba. Senge alikuwa amenisimulia vitanda vya chuma vimepangwa mstari, na kila msichana ana sanduku lake lenye kufuli. Nilifikiria hilo sanduku usingizini. Na nilijua nitaulizwa, kwa sababu msichana aliyepelekwa na senge mwaka wa nyuma alitoroka siku ya tisa, akarudi kwao kwa miguu, na senge akaaibika mbele ya shule nzima. Kwa hivyo nikawa naingia shambani peke yangu, nasimama mbele ya michai, nasema, "Ndiyo, Senge, nataka kwenda." Nilisema hivyo kwa mchai mmoja, nikahamia wa pili, wa tatu, kama nasalimia wazee. Kwa michai sauti yangu ilitoka vizuri kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana, mawingu meusi yamekaa juu ya msitu wa Mau. Senge angepita na lori lililoleta mahindi huku juu, halafu arudi nalo siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeoga na nimejipaka samli miguuni. Mama akaniambia, "Cherotich, panda juu uniletee kile kibuyu cha shanga, cha wageni."

Juu ni kwa dari ya jiko. Jiko letu lilikuwa nyumba ya udongo na nyasi, na ndani, juu ya moto, kulikuwa na dari ya mianzi inayoitwa tabut, mahali pa kuweka vibuyu, wimbi na kuni kavu. Ilikuwa na shimo la kupandia pembeni, na ulipanda kwa gogo lililochongwa hatua. Ni mahali pa wanawake. Mwanaume haendi huko. Lakini pia kulikuwa na sheria moja ambayo nyumbani kwetu hata mtoto wa kutambaa aliijua: wanaume wakiwa wamekaa jikoni, msichana hapandi na hashuki. Hawezi kupitisha miguu na rinda lake juu ya vichwa vya wazee. Ilikuwa aibu yake, na zaidi ilikuwa aibu ya mama aliyemzaa.

Nikapanda. Nimeshika tu shingo ya kibuyu, nikasikia sauti uani. Nilitegemea moja, ya senge. Nikasikia nyingi. Baba alikuwa ameita wazee wawili wa ukoo waje wasikie habari ya mtoto, kama desturi. Nikajiambia, ngoja. Watapelekwa kwa nyumba ya mabati, nyumba ya wageni, na mimi nitashuka polepole nimwendee senge nyuma ya nyumba, tukiwa wawili. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Wakaingia kwa mabati. Nikaweka mguu wa kwanza kwenye gogo.

Hapo mvua ya mawe ikaanguka.

Kama hujakaa nchi hii ya chai hujui mvua ya mawe. Inakuja mara moja kama mtu amemwaga kokoto kutoka kwa gunia, inachana majani chai, inaua vifaranga. Na chini ya mabati, mtu akikupigia kelele sikioni unaona mdomo tu. Nikasikia baba akipiga kelele, "Twendeni jikoni kwa nyasi! Hapa hatusikizani!" Nikavuta mguu wangu juu. Wakaja wote mbio, wamefunika vichwa kwa makoti, wakakaa kwa vigoda kuzunguka moto. Mzee mmoja mwenye masikio yaliyotobolewa akakaa pale pale chini ya shimo, mgongo umeegemea lile gogo.

Ndivyo nilivyofungwa.

Nililala kwa tumbo juu ya mianzi. Katikati ya fito niliona vichwa vyao: upara wa baba, kofia ya manyoya, kitambaa cha senge cha rangi ya chungwa. Moshi wote wa jiko ulikuwa unapanda kunitafuta, na mama alikuwa ametia gogo bichi motoni. Nilikumbatia kibuyu. Ndani yake kulikuwa kumesuguliwa senetwet asubuhi hiyo, nikaweka pua kwenye mdomo wake kwa sababu huo moshi wa kibuyu ulikuwa mpole kuliko wa moto. Ndiyo maana mpaka leo ile harufu inaniingia kifuani kama mtu anayerudi kwake.

Chemutai, binti ya baba mdogo, tulikuwa umri mmoja, akawaletea chai. Alikuwa mtoto wa kucheka, mdomoni hakosi kitu. Senge akapokea kikombe, akauliza, "Na mwenyewe yuko wapi? Cherotich?"

"Yuko hapa hapa," baba akasema. "Amejificha. Si unamjua."

"Huyo ana adabu," mzee mwenye masikio akasema. "Mimi nimekuja boma hili miaka mingi, na sijawahi kumuona meno."

"Meno yake hata mimi sikuja kuyaona," senge akajibu, wakacheka. "Nimekuja kusikia mdomo. Yule mwingine baba yake alinijibia kwamba anataka, na siku ya tisa alikuwa njiani anarudi. Huyu nataka aniambie yeye."

"Cherotich!" baba akaita. "Wee Cherotich!"

Mimi nilikuwa futi chache juu ya kichwa chake. Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, nilikuwa nimeyapanga kwa michai mingapi. Lakini nikisema, wangeinua macho wote kwa pamoja, na wangeona msichana amelala juu yao muda wote huo, akiwasikiza. Ningeshuka vipi? Mguu wangu ungekanyaga kwanza bega la yule mzee. Nikafunga mdomo.

Kiprono akatumwa mtoni kwenye hiyo hiyo mvua. Akarudi amelowa. "Hayuko." Akatumwa kwa ndama, akatumwa kwa michai. "Hayuko. Nimeita kila mahali." Alikuwa na sauti kubwa sasa, sauti ya mwanaume, na aliita jina langu hata ng'ambo wakaitikia.

Mtu mmoja tu alikuwa anajua. Mama. Yeye ndiye alinituma. Nilimuona amesimama karibu na mtungi, akainua macho, mara moja tu, akapata macho yangu katikati ya mianzi. Nilimwomba kwa macho. Aseme tu, "Yuko juu, nilimtuma kibuyu, wazee tokeni kidogo ashuke." Maneno hayo hayamalizi pumzi moja. Aliangalia mgongo wa baba, akaangalia wale wazee. Halafu akainama kama mtu aliyekumbuka kazi, akashika lile gogo bichi lililokuwa linatoa moshi, akalivuta kutoka motoni mpaka nje kwa mlango, likalia chwiii kwenye barafu.

"Mama Kiprono!" baba akasema. "Unatuzimia moto na baridi hii?"

"Lilikuwa linaumiza wazee macho."

"Mimi macho yangu yamezoea moshi kuliko chai," mzee mwenye masikio akasema. "Rudisha gogo, mama."

"Ni bichi," mama akasema, na hakurudisha.

Mvua ikaisha. Huko barabarani lori likapiga honi, mara mbili. Dereva alitaka kuondoka kabla udongo haujalainika. Senge akasimama, akakaa tena. "Nitangoja kidogo," akasema. Honi ikapiga tena. Akatembea mpaka mlangoni, akaangalia uani kulikokuwa kweupe kwa barafu, akarudi. Lazima nimseme kwa haki, alingoja. Alingoja mpaka chai yake ikapata ngozi juu.

Kisha baba akamaliza maneno. "Huyo hataki, Rebeka. Mtoto anayetaka kitu hakimbii. Huyo ni wa nyumbani, wa mama yake. Mimi baba yake ndiye nakwambia, hataki."

Nilisikia hivyo kwa masikio yangu mawili. Nikauma shingo ya kibuyu mpaka ushanga mmoja ukatoka ukakaa mdomoni.

Senge akageuka, akamuona Chemutai anakusanya vikombe. "Na wewe?"

"Mimi, Senge?"

"Wewe. Unataka?"

"Nataka," Chemutai akasema, mdomo umejaa muwa. Hakufikiri hata kidogo. Akacheka, na wazee wakacheka, na baba mdogo akaitwa, na kabla honi ya nne haijapiga, Chemutai alikuwa anashuka kwenda barabarani na nguo zake kwa kitambaa. Blanketi alilobeba ni lile nililofundishwa kukunja.

Wanaume walienda kumsindikiza senge. Jiko likabaki na mama. Nikashuka. Mama akachukua kona ya leso yake, akaitemea mate kidogo, akanipangusa masizi usoni, polepole, hata nyuma ya masikio. Nilingoja anipige au anieleze. Alisema tu, "Lete kibuyu." Baba aliporudi alinikuta nimekaa na ndama. Nilingoja fimbo. Akaniambia siku nyingine nisipotee hivyo mbali, halafu akamwambia mama, na mimi nasikia, kwamba msichana mwenye haya ni afadhali, hatatuletea mambo.

Sikuwahi kumwambia nilikuwa wapi. Amekufa hajui.

Chemutai alikuja kuwa nesi. Sikumchukia. Alinizalisha watoto wangu wawili, akinigombeza kwa kicheko kile kile. Mimi niliolewa, nikachuma chai, nikabeba kikapu mpaka kwa banda la kuuzia majani miaka na miaka. Kwenye mikutano ya wakulima nilikaa nyuma, na nilijua majani kuliko wengi waliosimama. Niliyokuwa nayo moyoni nilimnong'oneza mume wangu, na yeye akasema kidogo, mengine akayaacha. Nikaambiwa ni mke mwenye adabu. Nikafurahi pia! Mpaka akafa, na ikawa hakuna wa kumnong'oneza. Hapo ndipo nilipoanza kusema, na kwa sababu nilianza nimechelewa, sauti ilitoka na ukali wote. Nyinyi mnaniita Kogo Mkali, nyanya mkali. Mnafikiri siogopi. Hata sasa nikichelewa kanisani, nikipita katikati ya viti watu wakiniangalia, mikono yangu inalowa vile vile.

Miaka mingi nilikuwa na hasira na mama. Nilisema moyoni, aliniona, akanyamaza. Nilikuwa na wajukuu tayari ndipo nikaelewa lile gogo. Yule mwanamke alikuwa amekwama kama mimi, isipokuwa yeye alikuwa amesimama chini, kwenye mwanga, hapo mbele yao. Kusema hakuweza. Kitu kimoja alichoweza mbele ya wale wanaume ni kunipa hewa, na alikifanya, akagombezwa, na akakataa kulirudisha. Nafikiri hilo ndilo neno kubwa alilowahi kumkatalia baba. Na nimeelewa pia kwamba woga wangu na wa Kiprono ulikuwa ugonjwa mmoja. Wa kwake waliuona wakautoa kwa sikio, vibaya, lakini wakautoa. Wangu waliuvalisha nguo ya Jumapili wakauita tabia njema.

Ninaandika kwa sababu mwezi uliopita wageni wa ushirika walikuja hapa. Mjukuu wangu Chebet, amemaliza fom foo, hakutoka chumbani. Mgeni mmoja akasema, "Msichana wenu ana adabu sana." Na mimi, wallahi, na si mtu wa kuapa, mimi mwenyewe nikaitikia kwa kichwa. Chebet akaja mwishowe na birika, macho sakafuni. Mgeni akamuuliza anataka kusomea nini. Mdomo wake ulifunguka. Niliuona. Kabla hakijatoka kitu, mwanangu, baba yake, akajibu, "Huyu ataenda chuo cha ufundi Bomet, kushona. Anapenda kushona."

Chebet akafunga mdomo, akamimina chai.

Wageni walipoondoka niliwaita wote, mwanangu, mke wake, na wale wadogo. Sikuketi. Niliwaambia: kuanzia leo, katika nyumba hii, mtoto akiulizwa, mtu mwingine asijibu. Awe msichana, awe mvulana. Asisifiwe kwa kunyamaza, na asivutwe sikio. Muulizeni, halafu mkae. Sauti ikikawia, kaeni. Chai ikipoa, ipoe. Mgeni akiwa na haraka, mfungulieni mlango aende.